Ruhusa ya Sajini Mansur

Alipokuwa hai bila ubishi wa mtu, Sajini Mansur alikaa kwake Mambrui mwezi mmoja kwa mwaka. Alilala, akala samaki, akarudi kambini. Kisha kambi yao ng'ambo ya mpaka, Somalia, ikashambuliwa. Wenzake wengine waliletwa kwenye majeneza yaliyofunikwa bendera, yeye hakuletwa. Maafisa walifika, wakavua kofia, wakasema hajulikani aliko. Tangu siku hiyo hakutoka tena nyumbani.

Binti yake wa pekee, Fahima, alilelewa naye hivyo. Akitaka kwenda Gede na wenzake wa shule, mama yake, Shekha, alisema: "Baba yako hajaruhusu." Akitaka kutoga sikio tundu la pili: "Mngoje baba yako." Wasichana wengine walikuwa na baba wa kubembeleza, au wa kuvizia mpaka asinzie. Wa Fahima hakusinzia. Sauti yake halisi ilikwisha kumtoka akilini. Aliyobaki nayo ni ile ya mama akimsemea.

Mwaka huu Harith, kijana wa Ngomeni afanyaye kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, alileta posa, ikakubaliwa. Shekha mwenyewe alidai mumewe angempenda. Likabaki la walii, msimamizi wa kumwozesha. Binti huozeshwa na babake. Baba akiwa amekufa, na babu hayupo, huozeshwa na ami yake. Ami Awadh, nduguye Mansur, alikuwa tayari. Alishashona kanzu.

"Shemeji," alimwambia Shekha, "ndugu yangu, Mungu amrehemu..."

"Marehemu wako! Mume wangu yuko kazini."

"Kazi gani hiyo isiyo likizo?"

"Muulize akija."

Wakaishia kwa kadhi, Malindi. Kadhi aliwasikiliza kama mtu aliyezoea watu wazima kugombania watu wasiokuwepo, kisha akamgeukia Fahima.

"Mwanangu, ukiomba nihukumu kwamba babako amefariki, nitatazama ushahidi. Nikihukumu, ami yako atakuozesha, na mama yako atakaa eda. Usipoomba, walii wako ni mtu aliye mbali, nami nitakuozesha kwa niaba yake. Njia zote mbili ni halali. Wataka ipi?"

Kutoka Mambrui Fahima alikuwa ameishika kauli yake moyoni: naomba hukumu. Hakuitaka kwa ajili ya ami wala kanzu. Aliitaka ili mama akae eda, apewe pole na watu, kisha siku moja atoke mlangoni akiwa mwanamke tu, si karani wa mume. Harusi ingekuwa mlango wa wote wawili.

Akamtazama mama. Shekha hakulia wala hakusihi. Aliinuka, akaenda akaufunga mlango wa ofisi polepole, akarudi kuketi.

"Sema sasa," akanong'ona. "Baba yako asije akasikia."

Awadh akakohoa. Fahima akamgeukia kadhi.

"Sina ombi, sheikh. Niozeshe wewe."

Harusi ilikuwa nzuri. Ami Awadh aliivaa kanzu yake hivyo hivyo, akala biriani kwa uso wa mtu anayefanyiwa dhuluma, sahani ya pili nayo kadhalika.

Majirani walikuwa wameanza kumshauri Shekha akubali, akae eda. Sasa walimkuta ana shahidi.

"Mwanitia mimi wazimu? Haya, muulizeni mwanawe! Mbele ya kadhi alikataa kumfisha. Mtoto hamjui babake?"

Wakamwamini, au walichoka. Kwa jirani ni mamoja. Fahima akija kutoka Ngomeni kumtazama mama, majirani humpokea barazani kwa salamu kamili, mmoja mmoja, kama mke wa mtu astahilivyo. Mumeo hajambo? Mama mkwe hajambo? Na baba, je?

Shekha husikiliza kutoka ndani, ameacha kukuna nazi.

"Hajambo," asema Fahima.