Lenga-lenga Ndani ya Mfereji

Nakumbuka Jumamosi moja ya Septemba, mwanangu, enzi zile nchi yetu ikiitwa Zaïre, nilipokaa mlangoni pa nyumba yetu ya Cimpunda nikiomba mvua ipotee njia. Sikuwa na haki ya kuomba vile. Kiangazi kilikuwa kimetukausha koo, kila nyumba ilikuwa inapanga beseni na sufuria chini ya mabati kungoja maji ya Mungu, na mimi peke yangu, bibi-arusi wa miezi saba, nilitamani lile wingu ligeuke likanyeshe kwingine. Ngoja nikueleze kwa nini, na usicheke kabla sijamaliza.

Cimpunda unaijua. Hakuna mahali tambarare hata pa kuweka kiti. Nyumba zimepandana kilimani, mlango wa huyu uko sawa na paa la yule. Ndiyo maana kila ua una mfereji wake, rigole kama tunavyouita, unaopokea maji ya jirani wa juu na kuyapeleka kwa jirani wa chini mpaka yafike bondeni. Mfereji wako si wako peke yako. Mtu wa Cimpunda anajifunza hilo kabla hajajua kuhesabu, lakini mimi nilikuwa nimetoka Mudaka, kwenye mashamba, na nilijiona mjanja kuliko watu wa mji.

Nilipoolewa, kitu kilichonisumbua ni kukosa shamba. Nilizoea kuamka na kuchuma mboga nyuma ya nyumba, na hapa nikawa wa kwenda soko la Kadutu kununua majani. Basi kiangazi kilipoanza, nikautazama ule mfereji mkavu ubavuni mwa ua wetu, nikaona bustani. Nilipanga mawe upande wa chini, nikajaza udongo, majivu na takataka za jikoni, nikapanda lenga-lenga, ule mchicha wetu. Kila jioni niliumwagilia maji niliyooshea vyombo. Mwanangu, ulistawi mpaka wapita njia wakasimama. Mume wangu aliusifu. Majirani nikawagawia mafungu. Nilijisikia mke wa maana sana.

Mtu mmoja tu hakunisifu. Alikuwa Mama Nsimire, mjane aliyekaa chini yetu na watoto wake wanne, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, nyumba yake ya miti na udongo. Alipanda siku moja akautazama mfereji, akaniambia kwa upole, “Mutoto, hapa iko njia ya maji. Mvula ikirudia, maji itakuya kwangu.” Nami nikamjibu, aibu inanishika hata leo, “Mama, uza makala yako, uniachie mboga yangu.” Alishuka zake, na tangu siku ile tulisalimiana kwa mbali.

Sasa, Jumamosi ile asubuhi tulikuwa kwenye Salongo. Ninyi hamkuijua. Ilikuwa kazi ya lazima ya wote, kila Jumamosi, na usipotokea unatafutwa. Mtaa wetu ulipewa mifereji ya barabarani, na mimi nilichimba kwa bidii mpaka mkuu wa mtaa akanionyesha kwa wengine kama mfano. Nilifukua mfereji wa serikali, nikarudi nyumbani kumwagilia mboga nilizopanda kwenye mfereji wangu. Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu, nanyi wajukuu mnadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, mama yangu mzazi na shangazi zangu walikuwa waje kuniona kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Nilikuwa nimewatumia salamu kwamba mboga sinunui, nina bustani yangu mjini. Mume wangu alikuwa ameenda Mudaka kuchukua maharage na ndizi za wageni, arudi nao kesho yake. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na baba mkwe wangu, mwashi mzee mwenye mguu mbovu, aliyekuwa amerudi juzi tu baada ya kukaa kiangazi chote kwa mwanawe mwingine. Jina lake sitalitaja. Kwetu mke halitamki jina la baba mkwe, na siwezi kuanza leo.

Saa nane mchana wingu likatokea upande wa mlima Kahuzi. Si la kijivu, lilikuwa jeusi, na chini yake weupe kama unga. Kuku wakaingia ndani wenyewe. Mzee akazima redio yake, akaniomba nifunike kioo kisivute radi, kisha akaweka kiti mlangoni akaketi kungoja. Niliingiza nguo, nikapanga mabeseni, nikaongeza mawe juu ya mabati. Nilipokosa kazi ya kujishughulisha nayo nikapiga magoti karibu naye, nikitazama chini, kama ilivyotupasa.

Naye hakunitazama. Alitazama ule mfereji. “Mukamwana,” akasema, “mvula ikianguka, maji itapitia wapi?”

“Pengine haitaanguka hapa, Papa. Pengine itapita upande wa ziwa.”

“Ile haiko ya kupita.” Nilingoja anigombeze, na ningefurahi angenigombeza, maana mtu akigombezwa hupata la kujitetea. Lakini alisema tu, “Shuka kwa Mama Nsimire. Umwite na batoto bake, mvula ibakute hapa kwetu. Na umwambie juu ya nini unamwita.”

Nilishuka. Nilimkuta anafunga dirisha kwa kamba. Katika yote niliyoyapanga njiani nilisema nusu tu: “Papa anasema mukuye mungoje mvula kwetu.” Ile nusu nyingine niliimeza. Nilijiambia nitaisema tukifika juu.

Uso wa yule mama ulifunguka. Alijifunga kitenge vizuri, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akawaita wale watatu, akarudishia mlango. Kila kitu alikiacha ndani, godoro chini, gunia la makala kwenye ukuta wa nyuma, ukuta ule ule ambao maji yangu yangeupiga. Nilimwona anaviacha, na sikufungua kinywa.

Tukaketi. Nikawapikia chai. Mama Nsimire alishika kikombe kwa mikono miwili akaanza kunishukuru. “Tangu bwana yangu afe,” alisema, “mvula ikuye, upepo ukuye, hakuna mutu aliniita. Mungu akuone, mutoto.” Nikasema haidhuru. Akanishukuru tena. Mwanangu, nimewahi kutukanwa sokoni na sikuumia kama nilivyoumia kwa shukrani zile. Baba mkwe alikunywa chai yake polepole, macho nje, na wingu likasogea, na upepo ukaanza kugonga mabati ya majirani moja baada ya jingine. Karibu saa nzima tulikaa hivyo, na jembe limeegemea ukuta pembeni yangu.

Ndipo binti yake mkubwa, Nsimire mwenyewe, akasema, “Mama, kaye zangu za masomo niliziacha chini ya kitanda.” Mama yake akamtuliza. “Usiogope. Ukuta wetu iko nguvu. Maji haijawahi kupita pale.”

Hapo nilishindwa. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yote: kwamba mfereji nimeuziba, kwamba mvua hii itapita palepale kwenye ukuta wake, kwamba nilitumwa kumwambia na nikaficha, na kwamba alinionya nikamjibu vibaya. Nilisema haraka haraka huku nalia.

Mama Nsimire aliweka kikombe chini. Nilidhani ataondoka, au atanipiga, na vyote viwili vilikuwa haki yake. Alinitazama kidogo, akamshusha mtoto mgongoni, akampakatisha baba mkwe wangu. Kisha akauliza, “Jembe iko wapi?”

Tulitoka wawili. Mimi na jembe, yeye na koleo la Salongo. Tuling’oa lenga-lenga zote na mizizi yake, tukazitupa barazani, tukaanza kufukua. Watoto walikimbia chini kuokoa zile kaye, yaani daftari, na godoro na gunia. Matone ya kwanza yalikuwa mazito, yanauma mgongoni, na kabla hatujafika nusu mvua yote ikatuangukia kwa pamoja. Nilichimba bila kuona. Maji ya kilima yakaja mekundu, yakapata njia, yakasukuma mawe yangu ya mwisho yenyewe. Ukuta wa nyumba ukapona. Lakini kipande cha chini hatukuwa tumekimaliza, maji yakafurika pale, na kona ya jiko lake ikaanguka tukiiona.

Tulirudi ndani tunatetemeka. Nilimpa avae kikwembe changu kipya, kile nilichokuwa nimewawekea wageni wa kesho, nacho kilimpendeza kuliko mimi. Lenga-lenga nikaziosha matope kwa maji ya beseni, nikazipika na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikasonga bugali. Tulikula wote saba kwenye sahani mbili, mvua inapiga bati kwa kelele hata usiweze kumsikia aliye karibu nawe, watoto wanacheka kwa sababu kila mtu anapaza sauti na hakuna anayeelewa kitu. Nilikuwa na hatia, nilikuwa nimechoka, na bado nakuambia kweli, nilikuwa na furaha. Nyumba ilikuwa ya joto, watu wote walikuwa juu ya kilima salama, na sikuwa na kitu cha kumficha mtu yeyote.

Mvua ilipopungua, baba mkwe akaniita. “Mukamwana, ile mboga haikunisikitisha. Kila mutu anaweza panda mubaya. Ile saa moja ya chai ndiyo ilinisikitisha. Kona ya jiko iko saa moja yako.”

Nilithubutu kumuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakumwambia Mama Nsimire. Akasugua goti lake bovu. “Nilikuwa karibu kusema. Wingu lingefika hapa juu, ningesema. Lakini ningesema mimi, angejua tu habari ya maji. Hangekujua wewe.”

Kesho yake mama yangu na shangazi zangu walinikuta nimesimama kwenye tope mpaka magotini, nakanyaga udongo wa kusiliba jiko la jirani, nywele zimetimka, wala hakuna bustani. Mume wangu nyuma yao amebeba ndizi, ameduwaa. Mama akauliza kulikoni. Safari hii sikuimeza nusu. Nilimweleza yote, pale pale, mbele ya shangazi zangu ambao, Mungu awarehemu, hawakuwa watu wa kutunza siri.

Mama Nsimire akaongeza kutoka juu ya ukuta, “Huyu mutoto wako alinibomolea kona. Sasa ananijengea ingine nzuri kupita ya zamani. Nitamuambia abomoe na ile ya pili.” Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mama yangu alivua viatu vyake vya misa, akakunja kikwembe, akaingia kwenye tope karibu yangu. Tulikanyaga pamoja mpaka chakula kikaiva.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka ushike. Utakosea, sikukatazi, hata ningekukataza ungekosea. Utapanda vizuri mahali pabaya, na watu watakusifu. Siku utakayoona maji yanakuja, usikae ukiomba yapite upande mwingine. Inuka, ushuke kwa yule utakayemuumiza, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe, na umwambie yote. Usimkaribishe chai ukamficha sababu. Aibu ile ni ya muda mfupi sana, mimi niliipima, ni kama kupiga magoti na kuinuka. Kinachobomoa jiko la mtu ni ule muda unaokaa unaihofia. Na ukisikia onyo la mjane anayeuza makala, lisikilize kama la mkuu wa mtaa.

Nenda sasa, wingu linakusanyika tena huko Kahuzi na mama yako anakungoja. Mungu akupe jirani wa juu anayekumbuka maji yake, na jirani wa chini atakayekuuliza jembe liko wapi. Na wewe mwenyewe akujalie kuwa wote wawili.