Salamu za Mzee Rudd

Mzee Horrie Rudd alianguka akikaza waya wa zizi la kondoo, wiki ile ya kupanda ngano, na daktari alipofika kutoka mjini alimkuta amekwisha kata roho. Mkwewe, Thelma, alikuwa amemfunika kwa koti lake. Baada ya mazishi, kilichomtatiza Thelma hakikuwa shamba, shamba angelimudu. Kilikuwa ni barua.

Mumewe, Clarrie, mtoto pekee wa mzee, alikuwa mateka mikononi mwa Wajapani tangu Singapore ilipoanguka. Barua ya kumfikia mateka ilikuwa na sheria zake: maneno ishirini na tano, herufi kubwa, basi. Wanawake wa mji mdogo wa Kurrabin waliokuwa na watu wao huko walikutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa akina mama, wakanywa chai na kusaidiana kupunguza maneno.

"Toa hilo 'mpenzi'," alisema Enid Pascoe, jirani yake, ambaye mwanawe Ted alikuwa kambi moja na Clarrie. "Anajua kuwa ni mpenzi wako. Kama hajui mpaka leo, kachelewa."

"Na habari ya mzee?"

Ukumbi ule ulikuwa na kanuni moja: habari mbaya haiendi kambini. Kwenye barua za Kurrabin mvua ilinyesha kila mwaka na hakuna mtoto aliyepata surua.

"Mzee mzima wa afya," alisema Enid. "Mtu ana njaa, umuongezee na msiba? Andika, Thel."

"Akija kuniuliza kwa nini nilimdanganya?"

"Ataulizaje kama hajarudi? Omba aje akuulize."

Thelma akaandika: BABA MZIMA ANAKUSALIMU SANA. Barua iliyofuata akaandika kuwa baba amepanda nyanya, na nyingine kuwa baba anamwombea kila Jumapili.

Mzee Horrie hakuwa mtu wa salamu. Siku Clarrie alipoondoka kwenda vitani, mzee alimwita arudi kutoka barabarani. Thelma alidhani sasa atamkumbatia mwanawe. "Umeacha geti wazi," mzee alisema, akarudi kwenye kondoo wake.

Baadaye ilifika kadi ya Clarrie. Sehemu kubwa ilikuwa imepigwa chapa: mimi mzima, ninatendewa vyema. Chini kulikuwa na mwandiko wake: MWAMBIE BABA ASIMUUZE DUKE.

Duke alikuwa farasi mzee wa jembe, na ule ulikuwa mwaka wa ukame. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kumtazama meno. Thelma alimrudisha mikono mitupu, akauza cherehani yake, akanunua nyasi kavu.

Vita viliisha. Ted Pascoe hakuwemo kati ya waliorudi. Enid alikuja mwenyewe kumwambia Thelma, na kabla hajaondoka akageuka mlangoni.

"Mwambie Clarrie kabla hamjafika nyumbani. Usimwache aende kumtafuta baba yake bandani."

Clarrie alishuka kwenye treni suti ikimpwaya, meno ya mbele hana. Thelma aliendesha gari. Njia nzima alitafuta pa kuanzia, asipate. Walipofika getini akazima injini.

"Clarrie, baba yako..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Barua ya kwanza tu. 'Anakusalimu sana.'" Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Baba yangu mimi, Thel? Halafu eti ananiombea! Nikasema basi, mzee keshazikwa."

Thelma aliendelea kushika usukani.

"Mbona ukaniandikia nimwambie habari za Duke?"

"Ungejua ninajua, ungeacha kumwandika mzee. Wenzangu walimpenda. Barua ikifika tu, Ted anauliza, 'Mzee kapanda nini safari hii?'"

Nzi aliingia dirishani, akatoka.

"Mauti yalimkuta wapi?"

"Zizini. Alikuwa anakaza waya."

"Aliumaliza?"

"Hapana. Nilimalizia mimi."

Clarrie alitikisa kichwa kukubali, akashuka, akafungua geti. Thelma alipitisha gari, akasimama upande wa pili, akamtazama kwenye kioo. Clarrie alirudishia geti, akatundika mnyororo kwenye ndoano yake, akauvuta kuona kama umeshika. Akapiga hatua kuja garini, akasita, akarudi kuuvuta tena.