Mgao wa Vishikwambi

Saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Akata Teofilo amesimama mlangoni mwa darasa lake, mikono kiunoni, akiwasubiri wazee. Wanafunzi wameshakaa. Lakini somo haliwezi kuanza, kwa sababu vishikwambi vya shule vinalala majumbani, na kila kimoja kina mwenyewe.

Wa kwanza kutokea ni Bibi Hiuta, mwenye miaka sabini na kitu, kishikwambi chake kakiviringisha kwenye kipande cha lavalava, kile kitambaa cha kujifunga kiunoni, kama mtoto mchanga.

"Umechelewa, Bibi," mwalimu anamwambia.

"Nimechelewa nini? Kengele yako ndiyo ina haraka." Bibi anajibana kwenye dawati kando ya msichana mmoja. "Sogea huko, Hina. Na leo usinifiche jibu kama jana."

Darasa linaangua kicheko. Huyo Hina ni binti wa mwalimu, ana miaka kumi na minne, na ndiye aliyemfanya mama yake apigane vita hii yote.

Kisiwani hapa, Tokelau, katikati ya Bahari ya Pasifiki, hapakuwa na mwalimu wa hesabu za juu. Mtoto akifika umri wa Hina, anapakiwa melini na kupelekwa kwa ndugu New Zealand. Kaka yake Akata aliondoka hivyo hivyo.

"Alituahidi atarudi Krismasi," anasema Akata. "Krismasi ya mwaka gani, hakusema. Mama yetu amekufa anamsubiri. Nikaapa, wangu mimi haondoki hivyo."

Basi shirika moja la misaada lilipokubali kuleta vishikwambi na mitambo ya sola, pamoja na masomo ya mtandaoni ya mwalimu aliyeko Wellington, huko New Zealand, Akata alilia kwa furaha. Sharti lilikuwa moja tu. Mkaguzi angekuja mwisho wa muhula, na akikuta vyombo havitumiki darasani, vinahamishiwa kwingine.

Meli ilifika Akata akiwa Apia, kule Samoa, amempeleka mumewe hospitali. Na hapa kwetu kila mtu anajua kinachofuata kitu kikitua ufukweni. Wavuvi wakirudi, samaki humwagwa uwanjani, majina ya nyumba yakaitwa, na kila nyumba ikachukua fungu lake, ya mjane na ya mgonjwa zikiwa sawa na za wengine. Hiyo ndiyo inati, mgao wetu, na ndiyo sababu hakuna anayelala njaa. Vijana walioshusha maboksi hawakuona ajabu yoyote. Waliyafungua, wakavipanga vishikwambi juu ya mikeka, wakaanza kuita majina.

Akata aliporudi alikuta darasa tupu. Mzee Pelenato wa baraza la wazee alikuwa anacheza karata kwenye kishikwambi chake. Jirani mmoja alikifanya kioo cha kunyolea ndevu. Bibi Hiuta yeye alikiweka juu ya kabati, chini ya picha ya marehemu mumewe, hata kukiwasha hajakiwasha.

"Nilichemka jamani! Nilikwenda barazani na nguo zangu za safari, sijala, sijaoga."

Alipokwisha kusema kwamba zile ni mali za shule, Mzee Pelenato alimuuliza kwa upole, "Mama Hina, umewahi kuona samaki akitolewa chunguni mwa mtu arudishwe uwanjani?"

"Sijaona, Mzee."

"Basi kilichogawanywa kimegawanywa. Au unataka tukampokonye Bibi Hiuta fungu lake?"

Akata alirudi nyumbani na hasira zake, akaunguza shelisheli, akamfokea mumewe aliyekuwa bado mgonjwa. Baadaye akamwomba radhi. Begi la Hina lilikuwa limeshafungwa, limesimama pembeni ya mlango, na kila akipita analiona.

Kesho yake alirudi barazani.

"Sikuja kudai vyombo," aliwaambia. "Nimekuja kudai mgao. Ndani ya vile vyombo mna masomo. Nayo yametua ufukweni wetu, lakini mpaka leo hayajagawanywa. Nyumba gani imepata? Watoto wamepata fungu gani?"

Mzee Pelenato akajikuna kichwa, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mwanamke kaninasa kwa wavu wangu mwenyewe!"

Ikaamuliwa kila mwenye kishikwambi akilete darasani asubuhi. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuliacha fungu lake mikononi mwa mtoto, wazee nao wakabaki.

Haikuwa lelemama. Siku za mvua mtandao unakatika katikati ya somo. Kishikwambi kimoja kilitumbukia majini. Wapo waliogoma, na Akata akawafuata mlango kwa mlango. "Wengine nilikuwa nawaamsha mimi. Wananitukana, nami nakaa palepale mpaka wavae."

Mkaguzi alipokuja alikuta nusu ya darasa ina mvi. Akauliza wanafunzi ni wepi.

"Sote," Bibi Hiuta akamjibu. "Wewe kaa kule nyuma, unatuziba."

Akakaa. Akamwona Hina akikokotoa hesabu na mwalimu wa Wellington, kisha akimgeukia Bibi na kumwelekeza hatua kwa hatua. Kabla ya kupanda meli alimhakikishia Akata kwamba vyombo vinabaki, na masomo yataendelea. Lile begi la Hina siku hizi linawekewa mchele.

Sasa Akata anasubiri kioo kikubwa cha ukutani, cha kuonyeshea masomo, kwa ajili ya madarasa ya wadogo. Kinakuja na meli ijayo, naye ameapa kuwa ufukweni kabla ya nanga kushuka.

"Ni kimoja tu," anamwambia Mzee Pelenato, anayewasha kishikwambi chake kwa kidole kimoja. "Nakuomba, Mzee, kisigawanywe."

"Kasa naye huja mmoja, Mwalimu. Na kila nyumba hula."

"Haya, kigaweni. Nyumba zote zije zikae mbele yake." Anamtazama binti yake, aliyeinamia kishikwambi pamoja na Bibi, wakibishana. "Mimi fungu langu nimeshapata."