Karatasi za Shimo la Udongo

Mvua za kwanza baada ya vita zilipopungua, bwana mmoja wa serikali alikuja Kisauni kupima shimo letu la udongo. Shimo lile lilikuwa limekwisha fukia watu wawili. Akapima majuma matatu kwa vijiti na kamba, kisha akapigilia karatasi nne za Kiingereza kwenye mkorosho, akaenda zake. Mbuzi akala ya pili.

Mwalimu, aliyenikamata nikiigiza mwendo wake, akanipa adhabu: nizisome zilizobaki, nikawaeleze wachimbaji. Juma lile shangazi yangu alikuwa akikandika nyumba kwa udongo wa shimo lile.

Nilizisoma siku mbili. Maneno yote yale yalisema jambo moja: baada ya mvua usichimbe chini ya ukingo uliokuzidi kimo, chimba toka juu. Nikaenda. Shangazi na jirani zake walikuwa chini kabisa, ukingo umewainamia kama paa, na juu yake ufa wa kupitisha mkono.

"Shikamoo, shangazi. Tokeni, ukingo utaanguka."

"Marahaba. Umekula?"

"Msichimbe ukingo unaowazidi kimo."

"Kimo cha nani?" akauliza jirani mmoja, mfupi. "Basi mimi nisichimbe hata karanga."

Wakacheka. Mwaka mzima nawachekesha kwa jasho. Siku nisiyotania ndiyo wanacheka bure.

Shangazi akanieleza polepole, kama aelezaye mtoto wa chuo cha Kurani: "Udongo wa chini umekwisha lowa. Wa juu mkavu, wataka maji. Hiyo karatasi yako itateka maji?"

Yule bwana alikuwa amepima kila kitu isipokuwa umbali wa kisima. Nikachukua debe. Safari kumi na moja, mpaka upande wa nyuma wa shimo, mbali na ufa, shingo ikaniingia kifuani. Ndipo wakapanda, wakinung'unika kwamba maji ni machache.

Alasiri, tukikanyaga udongo huko juu, ukingo ukashuka. Uliguna tu, ukafunika jembe ambalo shangazi alilisahau pale pale alipokuwa amesimama asubuhi. Nikangoja shukrani, wallahi, hata ndogo.

"Umeshuka wenyewe," akasema shangazi, "na umelowa. Leteni makarai."

Ukingo uliobaki ulikuwa bado unatuzidi kimo; nikayakusanya makarai, nikayakalia. Akaniambia niondoke. Nikamwambia huenda karatasi ya pili iliruhusu, akamuulize mbuzi.

Akanitazama, akalitazama lile rundo lililolala juu ya jembe lake, kisha akachukua debe akaelekea kisimani, akinitukana njia nzima.