Siku Mama Laurentine Alipokubali Kuwa Mulozi

Kila asubuhi, kabla ya jua kutoka, Mama Laurentine alifagia parseli yake, nyumba na uwanja, kisha akatoka na ufagio kufagia hata mbele ya milango ya majirani. Hakuna aliyemtuma. Uchafu ulimuwasha macho tu. Takataka yote aliirundika mbele ya mlango wake mwenyewe, akaichoma. Miaka makumi tatu watu walisema: aksanti, mama.

Mwaka ule Guelord, kijana wa jirani, alianguka mtihani wa serikali mara ya tatu. Mama yake, Claudine, hakuuliza kama mtoto alifunguaka daftari. Aliuliza: nani anapitaka hapa na giza, anazoa kitu mlangoni mwangu, anaenda kukiunguza kwake? Kufika Jumapili, avenyu nzima ilikuwa imekumbuka bahati zake zilizopotea: huyu kazi, yule mchumba, mwingine jino; na mchawi, mulozi, akawa Mama Laurentine.

Basi Désiré, mtoto wa pekee wa Mama Laurentine, akamshika mama mkono na kumpeleka kanisani kwa Pasta Israël, mbele ya watu wote. Mama alitaka kitu kimoja tu toka kwake: asimame aseme, huyu ni mama yangu, na si mulozi.

"Mama," Pasta akasema, "mu kanisa hii, mwenye kukatala anafunga siku saba, bila kula, bila maji. Mwenye kukubali, Mungu anamusamehe palepale."

"Na chakula?"

"Anakula lelo."

Mama Laurentine akamwangalia Désiré. Désiré akashughulika na kifungo cha shati.

"Basi niko mulozi," mama akasema. "Bukari ya kula iko wapi?"

Kanisa likapiga makofi. Claudine akaruka: "Nilisema miye! Nilisema!"

"Bukari itafuata, mama," Pasta akasema. "Mulozi harukake yeye peke. Mulikuwa bangapi mu ndege yenu ya usiku?"

"Tulijaa, Pasta. Bengine balisimama."

"Benzako beko humu ndani?"

"Macho yangu haiko muzuri. Muniache nibaangalie moja moja."

Akaanza na benchi la mbele, polepole. Mzee wa kanisa akakumbuka kwamba ameacha maharagwe kwenye moto, yeye ambaye tangu kuoa hakujua jiko liko upande gani. Wanakwaya wote wakatoka kumsindikiza. Benchi la pili halikungoja zamu yake. Claudine, alipoona macho yanamkaribia, akasema, "Yaya Laurentine, dada yangu, ata miye nilisemaka, huyu mama anatusaidia!" Mlangoni watu walikuwa wamebanana, akapita dirishani. Dirisha lilimkubali kwa shida.

"Mungu amesikia," Pasta akasema. "Ibada imeisha." Akaenda, akasahau Biblia.

Wakabaki wawili, mama na mtoto. Mama akangoja. Sasa hapakuwa tena mtu wa kumwonea haya.

Désiré akasogea, akapiga magoti, akanong'ona: "Mama, nakuomba. Jina yangu usiitaje."

Mama Laurentine akashikwa na kicheko, mpaka akaegemea benchi.

"Inuka, mwana yangu," akasema. "Mu ndege yangu batoto habapandake."

Akakaza kitenge, akatoka. Njia ya nyumbani ni kulia. Yeye akapinda kushoto, kwenye malori ya kwenda Pweto, ambako mdogo wake anauza samaki wakavu. Désiré alifika nyumbani, akapika chai, akamimina vikombe viwili. Mama hakurudi.