Kuonja Kabla ya Babu

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo, na spelingi nyingine nimebahatisha. Niliishia darasa la saba na huandika polepole sana. Lakini kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema mbele za watu, na habari yenyewe inaanzia hapo. Mimi nilianza kunywa pombe ili niweze kusema.

Nyumbani ni mlimani, juu ya soko la Kwa Sadala, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo la kahawa na migomba. Kazi yangu ni kupakia ndizi kwenye malori sokoni. Tukimaliza kupakia, wenzangu walikuwa wanapitia kilabuni, na mimi nafuata nyuma. Kijana mwenye haya akikaa kilabuni bila kinywaji, watu wanamtazama kama mgambo aliyekuja kukagua leseni. Akinywa, wanamsahau, naye anajisahau. Nikinywa nilikuwa na hadithi. Watu walicheka. Wengine walisogeza viti wakae karibu yangu, jambo ambalo halikuwahi kunitokea tangu shuleni.

Pombe haikuwa kitu kigeni kwangu. Mama yangu ndiye anayepikia ukoo mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nimekulia kwenye harufu ya ndizi zinazochacha, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikikoroga pipa. Kwa hiyo sikuwahi kuiogopa.

Siku iliyonigeuza haikuwa na ajali wala ugomvi. Asubuhi moja Mama alinikuta nakata mgomba wa kulisha ng'ombe akaniambia, "Mwanangu, nimefurahi tulivyoongea jana." Nikamuuliza tuliongea nini. Akadhani namtania. Kumbe jioni ile nilikaa naye jikoni, nikamweleza mambo ya moyoni ambayo sijawahi kumweleza mtu yeyote, habari za baba aliyetuacha, habari za shule, na ninavyoogopa kuja kuzeeka peke yangu. Sikukumbuka hata neno moja. Alipoona uso wangu, alielewa. Aliokota kikapu chake akaenda shambani. Nikabaki na panga mkononi nikiwaza: maneno yangu yote mazuri nimeyasema nikiwa sipo.

Nikaacha. Nasema kwa kifupi, lakini haikuwa kwa kifupi.

Niliyojifunza ni machache. Saa iliyokuwa mbaya kwangu ni ile ya jioni, lori likishaondoka. Kupambana na pombe mchana kutwa kulinichosha bure, maana mchana haikuwa inanisumbua. Basi nikaipa saa ile kazi: nikawa nakwenda moja kwa moja kukata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, mbali na njia ya kilabuni. Nikaona pia kwamba njaa na kiu ya pombe zinafanana sana, kwa hiyo nikawa nakula ndizi ya kuchoma kabla sijatoka sokoni. Na kwa sababu nilijua siku moja nitalazimika kumwambia mtu uso kwa uso, nikawa nafanya mazoezi na ng'ombe. Nikimkamua namwambia, "Mimi sinywi tena. Asante, lakini sinywi." Mwanzoni hata mbele ya ng'ombe niliona aibu.

Ikafika Desemba. Kwetu Desemba ndugu wote wanapanda mlimani, wa Dar, wa Arusha, na magari yao yanajaa hadi barabarani. Baada ya ibada ya Krismasi tunachinja mbuzi kwa babu, wazee wanakaa uani, na mbege inapita kwenye kata, kile kibuyu chenye mpini, kutoka mkono hadi mkono. Niliiogopa siku ile tangu mvua za vuli. Kuikataa kata mbele ya babu ni kama kumkataa babu mwenyewe.

Nikapata akili ambayo niliiona kubwa. Nilimwendea Mama nikamwomba mimi ndiye nigawe mbege. Anayegawa hakai, mikono yake ina kazi, nani atamwuliza kwa nini hanywi? Mama alinitazama kidogo. "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. Nadhani alitaka kusema jambo, lakini mashemeji walikuwa wanamwita kwenye mtori, supu yetu ya ndizi na nyama.

Nikachota. Nikamwendea babu, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamnyooshea kata kwa mikono miwili. Hakuipokea. Akangoja.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona maisha yangu yote nikakisahau siku niliyokihitaji. Anayegawa huonja kwanza, mbele ya mzee, ili mzee ajue hakuna kibaya ndani yake. Nilikuwa nimekimbia kata nikaenda kukaa mahali pekee ambapo haikwepeki.

"Onja, mangi, wazee wana kiu!" Huyo alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, anayefanya kazi Dar. Mangi ni chifu, lakini kwetu mwanamume yeyote huitwa hivyo kwa utani. Watu wakacheka. "Au umekuwa mlokole?"

"Labda yuko kwenye dozi," mwingine akasema.

Povu la mbege lilikuwa karibu na pua yangu. Ningeweza kulowesha midomo tu. Nani angejua? Lakini nilijijua. Lile funda moja lingenipa ulimi, na uani palikuwa pamejaa watu wa kuongea nao, na pipa lilikuwa mkononi mwangu hadi giza liingie.

Nikasema, "Mimi sinywi tena. Asante, lakini sinywi." Maneno yalitoka kama yalivyozoea kutoka, polepole na kwa sauti ya kubembeleza.

"Mungu wangu," baba mdogo akasema, "anatusemesha kama ng'ombe!"

Ua mzima ulicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, maana alikuwa amepatia kuliko alivyojua. Lakini babu hakucheka.

"Babu," nikasema, "nikionja hii sitaishia hapa. Sikatai mkono wako."

"Sasa nani ataonja?" babu akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka shughuli iende.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Akaja, akaichukua kata kutoka kwangu. "Aliyeipika ni mimi," akasema, "kama ina sumu, sumu ni yangu." Akanywa funda moja, akafuta mdomo kwa kona ya kanga, akampa babu. Babu akaipokea, akanywa, akamrudishia. "Ulezi umekolea," akasema. Shughuli ikaendelea. Mama akagawa yeye, nami nikatumwa kuchoma nyama.

Sikuongea mengi siku ile. Haya haijaniacha. Lakini jioni, wageni walipopungua, nilikaa na Mama jikoni tukiosha masufuria, nikamweleza tena yale ya baba na ya kuzeeka. Nilikwama mara nyingi. Alisikiliza kama ndiyo kwanza anayasikia, na asubuhi yake niliyakumbuka yote.

Kesho yake, kabla hawajaondoka, baba mdogo alinifuata kwenye banda la ng'ombe. Nilidhani amekuja kunitania zaidi. Akasimama anatazama ninavyokamua. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Saa ya jioni, mangi, kiu ikishika. Unafanyaje?"

Nikamweleza habari ya majani, ya ndizi ya kuchoma, ya kumsemesha ng'ombe. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nakaa ghorofani," akasema. "Ng'ombe nitamweka wapi?"

Nilimpa chupa ya maziwa aende nayo, kwa kukosa kitu kingine cha kumpa. Alisema atapanda tena Pasaka.

Ndiyo maana nimeandika. Wewe unayesoma, kama uliacha pombe na unakaa mahali pasipo na ng'ombe wala mfereji, saa ile ya jioni huwa unaipeleka wapi? Tafadhali niandikie, hata mistari miwili, nyuma ya karatasi hii hii, umrudishie aliyekupa, naye ataifikisha kwangu. Mwandiko usikutie aibu, wangu umeuona. Ningependa Pasaka ikifika niwe na kitu cha kumwambia.