Mchora Bei Aliyekosa Pa Kuweka Namba ya Nne

Saa moja kasoro asubuhi, moshi wa vitunguu umeshajaa ndani ya mgahawa. Mzee mfupi anaingia na kopo la rangi nyeusi mkononi, brashi kaipachika sikioni. Hata hajasalimia, makelele yanaanza.

"Balaa kaja! Jamani, Balaa kaja!"

Benchi zima linagombania kuagiza. Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai kwa raha zake anataka wali maharage, tena sahani mbili. Jirani yake anaagiza chakula cha mchana saa hiyo hiyo. Sheria ya hapa inajulikana: sahani yako ikifika mezani kabla brashi haijagusa ukuta, unalipa bei ya zamani.

"Mzee wangu, hebu funika hilo kopo nitafune kwanza," dereva anamsihi.

"Tafuna, mwanangu. Mimi si mtoa roho. Natoa roho ya chenji tu."

Balaa si jina alilopewa na mama yake. Amelipata kwa kazi. Ni mchora mabango, na huu ni mwaka wa thelathini na moja anachora bei kwenye ukuta huu, ukiacha migahawa mingine sita ya mtaani. Akipita na brashi barabarani, watu wanashika mifuko.

"Siku ya kwanza kabisa wali maharage nilichora ishirini na tano," anasema huku akikoroga rangi. "Marehemu rafiki yangu, mume wa huyu Mama Mwiko mwenye mgahawa, akanigombeza. Eti nimechora namba kubwa mno, zitafukuza wateja!"

Ishirini na tano ikawa arobaini. Arobaini ikawa tisini, ikapanda mpaka mia tatu hamsini, na sasa ni mia tisa hamsini. Supu ilipofika mia kwa mara ya kwanza, fundi viatu mmoja alisusa akashinda na njaa kutwa nzima. Jioni akarudi, akanywa bakuli mbili kwa hasira.

Balaa analipwa kwa namba. Kila namba moja anayoibadilisha ni mia mbili, awe amechora moja au nane. Ndiyo maana ukuta mzima bei zinaishia na hamsini. Mama Mwiko akipandisha bei anabadilisha namba ya mbele tu, hamsini inabaki pale pale na hela ya kopo inaokoka.

"Shemeji yangu huyu ni bahili mpaka wa rangi," Balaa anacheka.

"Ubahili ndio umekuweka mjini, shemeji," Mama Mwiko anamjibu kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Acha porojo. Wali maharage leo weka elfu moja mia moja hamsini."

Balaa anapanda kwenye stuli. Brashi inafika karibu na ukuta, inasimama hapo hapo hewani.

Hakuna nafasi. Kushoto kuna herufi za WALI MAHARAGE, nono kama zilivyokuwa zinapendwa zamani. Kulia kuna fremu ya mlango. Katikati aliacha pengo la namba tatu, na siku ile alijiona kaacha kiwanja cha mpira.

"Nani angedhani maharage yatafika namba nne?" anajiuliza, macho yamemtoka. "Maharage haya haya!"

"Mimi nilijua pengo halitoshi," anasema Mama Mwiko taratibu. "Ndiyo maana nilikuwa sikuiti. Sahani moja inanila elfu moja na hamsini, naiuza mia tisa hamsini. Toka mvua za mwaka jana."

Dereva wa lori anaacha kutafuna.

"Mama, kwa hiyo nimekula hasara yako mwaka mzima?"

"Na mchuzi ukawa unaongezewa, baba."

"Sasa shemeji, si ungesema?" Balaa anauliza.

"Niseme nini? Nilikuuliza bei ya kufuta ukuta wote na kuuchora upya, ukasema elfu arobaini. Mwezi uliopita nimemwachisha kazi mpishi, na ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hata hii leo nimekuita kwa kubahatisha. Isipowezekana, mwisho wa mwezi nafunga."

Balaa anashuka. Anakalia ndoo iliyogeuzwa, mikono kichwani kama aliyepigiwa simu ya msiba. Miaka yote alijua kazi yake ni kutangaza bei. Kumbe brashi yake ndiyo ilikuwa inaizuia isipande.

"Wallahi sikujua," ananong'ona. "Yaani mtu anauza kwa hasara kwa kuniogopa mimi? Mimi mwenye suruali moja ya kazi?"

Anakaa hivyo mpaka chai aliyoletewa inashika utando. Kisha anainuka, anachukua msasa na kuanza kukwangua namba zote, kuanzia supu mpaka chai.

"Majina nayachora upya kushoto, kwa herufi nyembamba. Hapa pa bei napaka weusi mtupu," anamwambia Mama Mwiko. "Utaandika kwa chaki mwenyewe. Nyanya zikipanda asubuhi, mchana unapandisha. Usiningoje tena."

"Na wewe utakula nini, shemeji?"

"Leo nakula hapa, sahani ya mia tisa hamsini ndiyo malipo yangu. Kesho nawafuata wale wengine sita, nao nikawauzie weusi."

Kwa hesabu yake, kazi hiyo itamlisha mwaka mmoja, basi. Baadaye anataka kuchora picha za vyakula ukutani, maana picha haina bei ya kupanda. Mama Mwiko naye ameshampigia simu mdogo wake arudi jikoni Jumatatu.

Akiulizwa ana tumaini gani lingine, Balaa anajifuta jasho, anauacha mkono usoni.

"Miaka thelathini na moja, sijawahi kuitwa mahali nikashushe bei. Hata ya maji ya moto! Siku hiyo ikija, wasiguse chaki. Waniite. Hiyo nitaipaka kwa rangi, tena bure."